Kichwa cha Jiwe, Kichwa cha Mtu

Kichwa cha jiwe kilikuwa na mto. Kichwa cha mtu hakikuwa nao.

Hilo ndilo Inspekta Halina Dombrowski aliloliona kwanza alipoinama chini ya utepe wa njano na kuingia Chumba cha Kaure, ghorofa ya pili ya Jumba la Thornquist. Leland Farnham, mkurugenzi wa jumba, alikuwa amelala chali mbele ya meko, macho wazi, kisogo kimepasuka, damu imejipenyeza katikati ya mbao za sakafu. Karibu na mkono wake wa kulia ililala sanamu ya marumaru: kichwa na mabega ya msichana mdogo, kazi ya Mfaransa mmoja wa enzi za wafalme. Nayo ilikuwa chali. Chini ya shingo yake palikuwa na skafu ya sufi, ya kijivu.

Halina alimwuliza askari wa doria aliyefika kwanza kama kuna mtu aliyeigusa skafu. Askari akasema hapana, itakuwa ilimvuka marehemu shingoni alipoanguka.

"Ilimvuka," Halina alisema.

"Ndiyo, afande."

"Ikajikunja mara mbili. Ikajikunja tena mara mbili. Halafu ukingo wake ukajiviringisha, ukaingia sawasawa kwenye uvungu wa shingo."

Askari akakohoa.

"Mimi nguo zangu hata pasi haizinyooshi hivyo," Sajini Lamar Teague akasema kutoka mlangoni, akipangusa theluji mabegani. "Tukimkamata, afande, naomba apitie kwangu kwanza. Kabati langu ni aibu."

Nje hakukuonekana kitu. Tangu jana Ziwa Erie lilikuwa linatapika theluji juu ya Buffalo, na upepo ulikuwa unaipiga kwenye vioo kama mtu anayemwaga mchele. Polisi na daktari wao walikuwa wamefika nyuma ya katapila la kusafisha barabara. Dereva wake aliapa kwamba hatarudi kabla ya jioni, na njia aliyoifungua ilikuwa imeshajifunga nyuma yake. Aliyekuwa ndani ya jumba alikuwa ndani. Aliyekuwa nje alikuwa na bahati yake.

Waliokuwa ndani walikuwa wachache. Bi Prudence Stallworth, mwenyekiti wa bodi. Bwana Penhallow, wakili wa hospitali ya watoto ya Rochester. Theodora Lasker, mhifadhi, yaani yule anayesafisha na kutengeneza vitu vya jumba. Mpishi wa chumba cha chai. Na mlinzi mmoja, Desmond Boykin, ambaye tayari alikuwa amefungwa pingu kwenye bomba la kutundikia makoti, chini karibu na lango kuu.

"Nani amemfunga?" Halina aliuliza.

Askari wa doria alisema ni yeye. Boykin ndiye aliyeikuta maiti. Shati lake lilikuwa na damu kwenye mikono. Jana yake tu marehemu alikuwa amemfokea mbele ya watu kwa kumkuta ameketi kwenye kiti cha Bibi, marehemu mwenye jumba, akaapa kumwandikia afisa wake wa probesheni. Tena Boykin alikuwa na kifungo cha nje. Alitumia ujana wake wote gerezani kwa kuendesha gari siku rafiki yake alipompiga risasi mwenye duka. Sharti la kuwa nje lilikuwa awe na kazi na asiwe na kesi. Shauri moja tu, hata la kusingiziwa, lilitosha kumrudisha ndani mpaka uzeeni.

"Basi ukaona umalize kazi kabla sijaja," Halina alisema.

Bi Stallworth aliwasubiri kwenye ukumbi. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye lulu shingoni, na alizungumza kama mtu anayesoma maandishi kwenye jiwe la kaburi. Alieleza kwamba marehemu Augusta Thornquist, mke wa tajiri wa maghala ya ngano, alikusanya vitu hivi vyote kutoka Ulaya, akavipanga kwa mikono yake, kisha akaandika wosia. Kila kitu kibaki pale alipokiweka. Chini ya kila kiti, kila saa, kila sanamu na kila kikombe cha kaure alipigilia msumari mdogo wa shaba kuonyesha mahali pake. Kila mwaka, siku aliyofariki, wakili wa hospitali hupita chumba kwa chumba kukagua misumari. Kikombe kimoja kikikutwa nje ya msumari wake jioni ya siku hiyo, jumba hufungwa, vyote vinauzwa mnadani, na fedha zinakwenda hospitali.

"Na siku hiyo ni lini?" Teague aliuliza.

"Ni leo."

Teague akapiga mluzi mdogo.

"Jumba linafungwa saa kumi na moja jioni," Bi Stallworth aliendelea. "Bwana Penhallow yuko chumba cha chai. Amekagua vyumba vyote isipokuwa kile. Inspekta, ninachoomba ni kidogo sana. Sanamu irudishwe juu ya kiguzo chake."

"Ile ni sehemu ya ushahidi."

"Mhalifu mnaye. Amefungwa kwenye makoti yetu. Mchukueni mtuachie chumba chetu. Kwani si mfungwa yule?"

"Alikuwa mfungwa."

"Bibi hataki..." Bi Stallworth alianza, kisha akanyamaza, kama aliyejisikia mwenyewe. Halina alikuja kujua baadaye kwamba kila mtu wa jumba lile alikuwa na maneno hayo mdomoni. Ukitaka kufungua dirisha, Bibi hataki. Ukitaka taa kali zaidi, Bibi hataki. Mwanamke alikuwa kaburini miaka na miaka, na bado hakuna aliyethubutu kusogeza kigoda.

Simu ya Halina ikaita. Ni mkuu wake, kutoka kituoni. Naye alikuwa ameshapigiwa na mtu wa bodi. Alitaka kujua kinachomchelewesha ni nini, ilhali ana mtu mwenye damu mikononi na jalada refu. Halina alisema anachunguza. Mkuu akasema achunguze haraka.

*

Boykin alikuwa ameketi chini kati ya makoti, mkono mmoja juu. Alikuwa na kifua kipana na mvi kwenye ndevu. Teague alimtazama muda mrefu. Wote wawili walikuwa watoto wa upande wa Mashariki wa mji, mitaa inayofuatana.

"Wewe si wa kwa Mama Boykin, aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga nyuma ya kanisa?" Teague aliuliza.

"Ndiye mama yangu."

"Alinipiga kwa mwiko siku moja."

"Ulikuwa umeiba?"

"Kipande kimoja."

"Basi alikuonea huruma." Boykin hakucheka. "Sikumwua, kaka."

Halina alichuchumaa mbele yake.

"Ulikuwa wapi asubuhi?"

"Nilifungua lango, nikapanda ngazi kubwa. Nikaanzia ghorofa ya tatu, kutazama madirisha. Theluji ikisukumwa na upepo hupita kwenye nyufa, inaharibu mapazia."

"Ulipita mlango wa Chumba cha Kaure."

"Nilipita. Ulikuwa umefungwa. Sikuingia."

"Ukaingia lini?"

"Niliposhuka. Nikamkuta hivyo. Nikamshika shingoni, nikamshika kifuani. Alikuwa ameshaondoka."

"Na sanamu?"

"Sikuigusa."

"Skafu je?"

"Skafu gani?"

"Ulikuwa na sababu ya kumkasirikia Farnham. Angekurudisha jela kwa sababu ya kiti."

"Nilimkasirikia." Boykin alitazama pingu. "Usiku kucha nilikuwa namkasirikia. Asubuhi nikaamka nikavaa sare. Inspekta, mtu aliyewahi kufungwa akipata kazi, hasira yake huiacha nyumbani kama mbwa. Huwezi kuja nayo kazini."

"Fungua pingu hiyo," Halina alimwambia Teague alipoinuka.

Askari wa doria alikumbusha kwamba mkuu alikuwa amesema mtuhumiwa asiachwe huru. Kwa kweli mkuu alikuwa amempigia na yeye. Halina akafikiri. Akasema basi pingu ibaki, lakini aletewe kiti na kahawa. Alijichukia kidogo kwa kusema hivyo. Boykin akachukua kahawa kwa mkono wa kushoto, hakushukuru.

*

Daktari wa polisi alikuwa amemaliza. Alisema mambo matatu, na kila moja lilimsogeza Boykin mbali na bomba la makoti.

Farnham hakupigwa na sanamu. Aliangukia kona ya meko. Damu na nywele zilikuwa pale. Marumaru ilikuwa safi kama siku ilipochongwa, hata ncha ya pua haikuwa na kovu, na sakafu chini yake haikuwa na alama ya kishindo. Haikuanguka wala haikutupwa. Ililazwa.

Pili, alama za vidole. Kwenye shingo na kidevu cha sanamu palikuwa na vidole vya Farnham mwenyewe, vimekaza. Aliibeba kwa kuikaba. Chini ya kitako na mgongoni palikuwa na alama za vumbi za mtu wa pili, aliyevaa glavu.

"Na la tatu?" Halina aliuliza.

"Hakufa mara moja. Alikaa hapo akipumua, robo saa, labda zaidi. Angepigiwa simu mtu, huenda tungekuwa tunamhoji hospitali."

Halina alitazama tena skafu. Palikuwa na mtu aliyesimama hapa, kati ya kichwa kilichopasuka na kichwa kisichosikia maumivu, akawa na nafasi ya kutenda jambo moja. Akakitafutia mto kile cha jiwe.

Alimwita Bi Stallworth kando na kumwuliza kwa nini mkurugenzi abebe sanamu kwa kuikaba shingo, siku ya ukaguzi, kabla ya watu kuamka. Bi Stallworth alichezea lulu zake. Mwishowe akasema kwamba kwenye kikao cha bodi Farnham aliwahi kuliita jumba kaburi lenye kodi ya umeme. Kuna kampuni moja ya mnada ya New York iliyokuwa ikimbembeleza. Vitu hivi vikitoka, vingepita kwao, na yeye angepata ofisi kwao. Kila mtu alicheka. Walidhani ni utani.

"Kwa hiyo alitaka chumba kimoja kikutwe na msumari mtupu."

"Naona hivyo," Bi Stallworth alisema polepole. "Mungu wangu. Kwa kumtumia mtoto yule wa marumaru."

"Nani mwingine angejua?"

Bi Stallworth na wakili walikuwa pamoja chumba cha chai tangu walipofika, wakisubiri mayai. Mpishi alithibitisha, ndiye aliyekuwa akiwasikiliza wakibishana kuhusu mpira. Boykin alikuwa juu. Akabaki mmoja.

Nyuma ya pazia la ukutani la Chumba cha Kaure palikuwa na mlango mwembamba na ngazi ya watumishi wa zamani. Halina aliishuka akiinamisha kichwa, Teague nyuma yake akilalamika kwamba watumishi wa zamani walikuwa hawalishwi. Ngazi ikawatoa moja kwa moja kwenye karakana ya Theodora Lasker.

*

Lasker alikuwa kazini. Mwanamke mdogo, nywele nyeupe amezifunga nyuma, miwani ya kukuzia imening'inia shingoni. Mbele yake mezani palikuwa na sanamu ndogo ya udongo, kiumbe mwenye miguu ya mbuzi, na bakuli la pamba. Simu ya mezani ilikuwa karibu na kiwiko chake. Alisema alisikia habari, inasikitisha, na akauliza kama Mtoto ameumia.

"Mtoto yupi?" Teague aliuliza.

"Yule wa marumaru. Tunamwita Mtoto."

Halina alisema Mtoto ni mzima. Mabega ya Lasker yakashuka.

Akasimulia bila kuulizwa. Mtoto alikuwa binti wa mwanasheria mmoja wa Paris. Ndui ilimwua kabla meno yake ya utoto hayajaisha, na baba akamwita mchongaji. Lasker alimkuta amefunikwa na masizi ya mameko ya Buffalo. Majira mazima ya baridi alimsafisha kwa vijiti vya pamba na mate.

"Mate?" Teague alisema.

"Mate ya binadamu yanasafisha kuliko sabuni, na hayaumizi jiwe. Wahifadhi wote wanajua."

"Kwa hiyo umemlamba."

"Nimelamba pamba, kijana. Ungefundishwa adabu ungeuliza vizuri."

"Samahani, mama."

Halina alikuwa ameitazama ile sanamu ya udongo. Aliuliza kama wachongaji wa zamani waliweka sahihi zao. Lasker alisema wengine waliweka, chini, pasipoonekana. Halina akauliza kama angeweza kuona.

Lasker aliingiza mkono mmoja chini ya kitako cha sanamu, mwingine mgongoni. Kabla hajailaza, mkono ule wa mgongoni uliiacha kwa nukta moja, ukavuta kitambaa kutoka mfuko wa aproni, ukakitandika mezani. Ukakikunja mara mbili. Ukakikunja tena mara mbili. Vidole vikaviringisha ukingo. Macho yake wakati wote yalikuwa usoni mwa Halina. Alikuwa akieleza habari ya udongo wa Lorraine, kule Ufaransa. Kisha shingo ya kiumbe yule ikakaa juu ya ukingo ulioviringishwa kama yai kwenye kikombe chake.

Teague alikuwa ameacha kutabasamu.

"Unafanya hivyo kila mara?" Halina aliuliza.

"Nafanya nini?"

"Tazama mikono yako."

Lasker akatazama chini. Alikitazama kitambaa kama mtu anayeona mguu wake mwenyewe umetoka nje ya blanketi. Theluji ilikuwa imeziba dirisha la karakana mpaka juu. Mwanga ulikuwa wa taa tu.

"Kila mhifadhi hukunja hivyo," alisema baadaye. "Nimefundisha nusu ya nchi."

"Nusu ya nchi haimo humu leo. Nje kumefungwa."

"Boykin amekuwa akiniona kwa miaka. Angeweza kuiga."

"Angeweza."

"Basi hamna kitu."

"Pengine sina," Halina alikubali. Akavuta kigoda, akaketi. "Nikuambie nilicho nacho. Nina sheria yangu, na inafanana sana na ya Bibi yenu. Mahali pa tukio, hakuna kinachosogezwa. Kikombe, kiti, jiwe. Mpaka nijue nani alifanya nini, Mtoto wako atalala pale sakafuni."

"Mpaka lini?"

"Kesho. Keshokutwa. Sina haraka."

"Leo jioni saa kumi na moja..."

"Najua."

"Watauza kila kitu. Wataweka vibandiko vya bei. Watampeleka kwa mtu atakayemweka karibu na bwawa la kuogelea."

"Hilo si kosa la jinai."

"Wewe ni mkatili."

"Mimi ni Mpolandi wa kitongoji cha Cheektowaga, bibi, nimeamka kabla ya jogoo, sijala. Aliyemwacha mtu akipumua sakafuni ndiye mkatili. Daktari anasema angepona."

Lasker akavua miwani. Akaifuta, akaivaa tena, akaivua. Mkono wake mmoja ulikuwa bado umeshika bega la sanamu ya udongo lisibingirike. Inspekta alijua mlango umefungwa pande zote, na mtu aliye ndani huupapasa ukuta wote kwanza kabla ya kuketi.

"Kama nikisema," Lasker aliuliza, "mtamrudisha juu?"

"Picha zimepigwa. Vipimo vimechukuliwa. Nikiwa na maelezo yako, chumba sikihitaji tena."

"Leo?"

"Leo."

"Nilikuwa nimepanda kumtazama," Lasker akaanza. "Kila siku ya ukaguzi mimi humtazama kwanza. Nikamkuta Leland amembeba. Amemkaba hapa, shingoni, kama kuku. Nikamwambia rudisha. Akacheka. Akaniambia, siku moja tu, Theodora. Siku moja asionekane, sote tuko huru."

"Alikuwa na maana gani?"

"Alikuwa na maana kwamba mimi pia ni mfungwa wa humu, na yeye ananifungulia. Huru kwenda wapi? Niliingia nyumba hii nikiwa msichana, nikisema nitakaa mwaka. Waliniita Boston, waliniita Chicago. Sikwenda. Sikuolewa. Vitu hivi ndivyo maisha yangu, hakuna mengine niliyoweka akiba mahali. Na yeye anataka kuyatoa mlangoni chini ya kwapa."

"Ukamvuta."

"Nilimvuta Mtoto. Leland hakumwachia. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, akateleza, akamwachia. Nikabaki naye mikononi. Sikumsukuma mtu. Andika hivyo."

"Nitaandika. Halafu?"

"Nikasikia buti za Boykin kwenye ngazi kubwa. Kiguzo kiko upande wa mlango. Nisingefika."

"Ukamlaza Mtoto."

"Nikamlaza."

"Ukavua skafu shingoni mwa Farnham."

Lasker akafikiri. "Sikumbuki kuivua."

"Alisema kitu?"

"Aliita jina langu."

Teague aligeuka akatazama dirisha lililozibwa.

"Buti za Boykin," Halina alisema. "Ziliingia chumbani?"

"Hapana. Zilipita. Zilipanda juu."

"Ulizisikia zikipanda."

"Ngazi ile nyembamba inapitisha kila sauti."

"Kwa hiyo ulipokuwa umeketi hapa ulijua hakuna aliyeingia kwake. Alikuwa peke yake pale juu."

"Nilijua."

"Na simu ilikuwa wapi?"

Lasker hakuitazama. Kiwiko chake kilikuwa karibu kuigusa.

"Angepona angejaribu tena mwakani," alisema.

Halina akatoa pingu. Hakuwa mtu wa hotuba. Mama yake alimlea kwa kuamini kwamba maneno mengi hupoza supu. Lakini mara hii alisema.

"Mtu amefungwa kwenye bomba la makoti mchana kutwa kwa kosa lako. Ulijua atarudishwa gerezani, ulijua hatatoka. Hukufungua mdomo. Jiwe limelala sakafuni nusu siku, juu ya skafu safi, na kwa ajili yake umekiri."

Lasker alinyoosha mikono yake kwa pingu, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu.

"Boykin atakufa hata hivyo," alisema. "Sote tutakufa. Mtoto amekwisha kufa mara moja. Sikutaka iwe mara mbili."

*

Walikusanyika Chumba cha Kaure kabla ya saa ya kufunga. Maiti ilikuwa imefunikwa na kusogezwa ukutani. Wakili Penhallow alisimama mlangoni ameshika kalamu, akitazama viatu vyake. Halina alikuwa amempigia mkuu wake, akaongea kwa sauti ya chini, na mkuu naye mara hii akawa na machache ya kusema.

Lasker aliomba pingu zifunguliwe kwa dakika moja, amwinue mwenyewe. Halina alikataa. Teague akajitolea, akainama, akashika mabega ya sanamu, na Lasker akatoa sauti kama aliyechomwa. Si hapo, alisema, shingo ina ufa wa zamani. Bi Stallworth alijaribu pia. Alipoinama lulu zake zikagonga marumaru, akarudi nyuma.

Ndipo wote wakamtazama Boykin.

Alikuwa amefunguliwa muda si mrefu, akisugua kifundo cha mkono. Alama ya chuma ilikuwa nyekundu juu ya ngozi.

"Desmond," Bi Stallworth alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kutumia jina lake hilo. "Tafadhali."

Boykin akaendelea kusugua kifundo. Kila mtu mle ndani alikuwa na neno la kumwomba, na hakuna aliyekuwa na neno la kumpa. Naye alijua hesabu yake kuliko wao. Jumba likifungwa, kazi imekwisha. Kazi ikiisha, sharti la kifungo cha nje limevunjika, na ni nani Buffalo ataajiri mtu wa jalada lake katikati ya theluji? Bibi alikuwa amempigilia msumari na yeye.

Alimgeukia Lasker.

"Ulinisikia nikipita asubuhi?"

"Nilikusikia."

"Na waliponifunga kule chini, nilipopiga kelele?"

"Ngazi inapitisha kila sauti," Lasker alisema.

Boykin akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei na kuiona ndiyo ile ile aliyoitazamia. Akavua koti la sare, akakunja mikono ya shati lenye damu iliyokauka. Akapiga goti. Mkono mmoja aliupitisha chini ya kitako, mwingine mgongoni. Akainuka na Mtoto kifuani.

Hapo akasimama.

Alisimama katikati ya chumba, kiguzo hatua mbili mbele yake, na hakwenda. Saa ya kaure juu ya meko ilikuwa ikigonga kidogo kidogo. Penhallow akaacha kutazama viatu. Lasker alikuwa ameinua mikono yake miwili yenye pingu hewani, viganja juu, kama anayetaka kudaka. Jumba zima, na wosia wake, na Bibi wake, vilikuwa mikononi mwa mtu ambaye asubuhi walimfunga kati ya makoti yao. Halina hakumharakisha.

Boykin aliwatazama mmoja mmoja. Akatembea hizo hatua mbili, akamweka Mtoto juu ya kiguzo, msumari ukafunikwa.

"Kushoto kidogo," Lasker alisema.

Boykin alikwisha kuondoa mikono.

"Mguse mwenyewe," alisema, akachukua koti lake, akatoka.